Ngazi Kumi na Tisa

Nyumba yetu ya Langoni ina ngazi kumi na tisa
kutoka ukumbi wa juu hadi dakani.
Nazijua kwa nyayo.
Nyanya ndiye aliyenifunza: ukiwaka, shuka, hesabu;
ukifika chini na moto ungalipo, panda, shuka tena.

Babu yangu, Bwana Kupi, alilitupa buli la kahawa
kutoka darini, limejaa,
likamwangukia punda wa jirani.
Baba hakurithi shamba, maana liliuzwa;
alirithi mshipa wa kwenye paji la uso.
Nami nimeupokea kama ulivyo. Haujachakaa.

Nyanya akisema: mwana wa nyoka ni nyoka.
Kesho yake, akinipaka mafuta kichwani:
mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.
Hakuona haja ya kuzipatanisha.

Sasa binti yangu Mwanaheri anasomea vinasaba.
Alikuja likizo, akaniomba mate.
Kijiti chenye pamba, akakizungusha ndani ya shavu langu
kama afutaye vumbi pembeni mwa kabati,
akakitia kichupani, akaandika nambari.
Nami, mtu mzima, nimekaa mdomo wazi,
natumaini.

Nilitaka aniambie: ipo, baba, herufi yenyewe hii hapa.
Ningeitia fremu.
Ningempelekea mama yake, aliyerudi kwao Matondoni
mwaka ule wa sahani:
unaona, Salha? Sikuwa mimi.

(Siku ya sahani sikushuka ngazi.)

Likizo iliyofuata akaketi karibu yangu, nashona kofia.
"Herufi moja haipo," akasema. "Zipo maelfu,
na kila moja inasukuma kidogo, chini ya pumzi.
Nyingine huenda hazisukumi kitu. Bado tunahesabu."

Basi hasira yangu iko wapi?

Akaitwaa kofia mapajani mwangu, kofia ya viua,
akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.
"Nioneshe, baba. Katika vitundu hivi,
kipi ndicho ua?"

Miaka thelathini natoboa kofia. Nilikosa jibu.
"Na uzi?" nikamuuliza, nikitaka kushinda. "Uzi ni nini?"
"Uzi ni siku," akasema, kisha akacheka.
"Sijui, baba. Nimebuni tu. Hilo bado hatujafundishwa."

Nilimfikiria ndugu yangu Lali.
Tumbo moja, titi moja, fimbo moja ya mwalimu,
naye akimkanyaga paka humwomba radhi.
Kasha lilikuwa lilelile;
kila mtu alifumba macho, akachota.
Yeye alitoka na konzi ya usingizi.
Nimemwonea wivu tangu madrasa,
na huo wivu nao, sijui ulitoka kasha gani.

Ijumaa iliyopita mjukuu wangu Thureya, miaka minne,
aliukataa uji.
Kikombe kiligonga ukuta, chokaa ikapukutika.
Nyumba nzima ikanigeukia mimi,
kana kwamba mkono ulikuwa wangu.
Nikautazama uso wake:
mshipa, mwembamba kama uzi wa kwanza,
umesimama.

Neno la nyoka lilinijia hadi menoni. Nikalimeza.
Nikainuka, nikaanza kushuka.
Moja. Mbili.
Nyuma yangu nyayo ndogo,
na kilio kilichoanza kuhesabu pamoja nami:
tatu, nne, sita.

Anairuka tano. Kila siku anairuka tano.

Nikasimama. Nikapanda ngazi moja,
nikamshika kidole,
tukaanza tena palepale.